Bangi Haiwadhuru Wote Sawasawa

Mzee anayemwambia mwanawe kwamba msokoto mmoja tu unatosha kumfanya aokote makopo barabarani anadhani anamlinda. Kijana akifika kijiweni anawakuta wenzake wanaovuta tangu mwaka juzi, wana akili zao timamu, mmoja ana duka la simu na mwingine yuko chuoni. Kuanzia hapo neno la mzee halina uzito tena, na si kuhusu bangi peke yake, bali kuhusu kila kitu atakachoonywa nacho baadaye, heroini ikiwemo. Kijiweni nako kuna somo lake: bangi ni mmea, haijaua mtu, Wazungu wenyewe wameihalalisha. Somo hilo lina ukweli wa kutosha kumfanya msikilizaji asiulize zaidi. Ninavyoona mimi, mzee na kijiwe wanakosea jambo lilelile: wote wanaizungumzia bangi kana kwamba hatari yake ni moja kwa kila mtu. Utafiti wa zaidi ya miaka 50 hauonyeshi hivyo. Unaonyesha hatari iliyo ndogo kwa wengi na kubwa sana kwa wachache, na mambo yanayoamua nani aangukie upande upi yanajulikana: umri wa kuanza, ukali wa kinachotumiwa, wingi wa matumizi, na historia ya ugonjwa wa akili katika ukoo. Mwenye kuyajua hayo anaweza kujishauri, au kumshauri mwanawe, kwa namna ambayo itasikilizwa.

Kinacholewesha katika bangi ni kemikali iitwayo THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga na kulitambua umbo lake nchini Israel mwaka 1964. Baadaye ikagundulika kwamba ubongo una vipokezi ambavyo THC huvishika, na kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali za jamii hiyo ili kurekebisha njaa, maumivu, usingizi, kumbukumbu na hofu. Ndiyo maana mvutaji hushikwa na njaa, hucheka ovyo, husahau sentensi aliyoianza, na pengine huingiwa na woga ambao hajui umetoka wapi. Vipokezi hivyo ni haba katika sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi, na hapo ndipo ulipo msingi wa usemi wa kijiweni. Aliyezidisha heroini huacha kupumua akafa. Aliyezidisha bangi hutapika, moyo humwenda mbio, hujiona anakata roho, lakini pumzi haikomi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kifo cha moja kwa moja kutokana na sumu ya bangi ni adimu mno, na anayehubiri kinyume chake anajiharibia hoja bure. Ila kutokuua papo hapo ni kipimo cha chini sana. Sigara nayo haimuui mtu siku hiyohiyo.

Madhara yanayostahili kutajwa kwanza ni ya akili. Mwaka 1969 na 1970 vijana wa Sweden waliokuwa wakiandikishwa jeshini waliulizwa, pamoja na mengine, wamewahi kutumia bangi mara ngapi. Watafiti wakawafuatilia vijana 45,570 kwa miaka 15 kupitia kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1987 jarida la Lancet likachapisha matokeo: waliokuwa wameitumia zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia kwa kiwango mara sita ya wale ambao hawakuwahi kuigusa. Skizofrenia ni ugonjwa ambao mgonjwa husikia sauti zisizokuwepo, huamini kwamba watu wanamfuatilia au wanamsoma mawazo, na taratibu hujitenga na wenziwe na kazi. Watafiti walipoondoa mchango wa mambo mengine, kama matatizo ya akili yaliyokuwepo tayari na malezi, tofauti ilipungua hadi mara mbili na kitu, ila haikufutika. Takwimu hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja, na kosa letu ni kusoma moja na kuacha jingine. Hatari iliongezeka kweli. Na bado, katika kundi hilohilo la wavutaji wakubwa, zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuugua. Wale wa kijiweni walio wazima ndio hao 90. Hawathibitishi kwamba bangi ni salama, kama ambavyo mgonjwa mmoja wa mtaani hathibitishi kwamba kila mvutaji atarukwa na akili.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2019 chini ya Marta Di Forti wa London, uliongeza kipengele ambacho wa Sweden hawakuwa nacho: ukali. Walilinganishwa watu 901 waliopata wazimu kwa mara ya kwanza na wengine zaidi ya 1,200 wasiougua, kutoka miji na maeneo 11 ya Ulaya na Brazil. Waliotumia bangi kila siku walikuwa na uwezekano wa kuugua mara tatu ya wasiotumia. Waliotumia kila siku bangi kali, yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, uwezekano wao ulikaribia mara tano. Katika miji ambako bangi kali imetapakaa, Amsterdam na London, watafiti walikadiria kwamba kama bangi hiyo isingekuwepo, wagonjwa wapya wangepungua kwa nusu Amsterdam na kwa karibu theluthi moja London.

Hapo mtu makini atauliza: je, si kwamba walioanza kuumwa ndio wanaokimbilia bangi ili wajitulize? Swali ni zuri, na jibu la kweli ni kwamba hilo nalo hutokea. Kuna ushahidi wa kijenetiki kwamba wenye mwelekeo wa kuugua wana mwelekeo pia wa kuvuta. Lakini watafiti wa Sweden, walipowaondoa kwenye hesabu wale walioanza kuugua miaka michache tu baada ya kuandikishwa, ambao huenda walikuwa wagonjwa tayari, uhusiano ulibaki. Isitoshe, hata kama ungekuwa mshale wa pande mbili, ushauri haubadiliki. Mwenye mzazi, ndugu wa tumbo moja, mjomba au shangazi aliyewahi kuugua skizofrenia au ugonjwa wa hisia unaompandisha mtu na kumshusha hana sababu ya kujaribu bangi hata mara moja. Vivyo hivyo yule ambaye alipovuta mara ya kwanza alisikia watu wanamsema, au alikaa siku nzima akiamini anafuatwa. Hiyo si stimu mbaya ya siku moja ambayo ataizoea. Ni ubongo wake unajieleza. Kwa bahati mbaya, koo zetu huficha habari za wagonjwa wa akili, hasa binti au kijana anapokaribia kuoa au kuolewa, na hivyo kijana anaingia kijiweni bila kujua anabeba nini. Familia inayojijua ina wajibu wa kumwambia, hata kama ni kwa faragha na kwa maneno machache.

Umri ndio kigezo ambacho mzazi ana uwezo nacho zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ubongo huendelea kujijenga hadi miaka ya katikati ya ishirini, na sehemu ya mwisho kukomaa ni ile ya kupanga, kujizuia na kupima matokeo. Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa maisha yao yote. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba walioanza bangi wakiwa wangali vijana wadogo na kuendelea nayo kwa uraibu walifika miaka 38 wakiwa wamepoteza hadi pointi nane katika vipimo vya akili, ukilinganisha na vipimo vyao wenyewe vya utotoni. Walioanza wakiwa watu wazima hawakuonyesha anguko hilo. Matokeo hayo yalizua ubishi. Mwaka 2016 wanasayansi wa Marekani waliowapima mapacha, mmoja mvutaji na mwenzake asiyevuta, hawakuona pacha mvutaji akiporomoka kumzidi nduguye, jambo linaloashiria kwamba nyumba waliyolelewa inaweza kueleza sehemu kubwa ya tofauti. Kwa hiyo mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba kila pafu linapunguza pointi. Ila kuna jambo ambalo halina ubishi: kijana aliye chini ya dawa hashiki somo vizuri, kumbukumbu yake ya muda mfupi inayumba, na anayevuta kila siku anaingia darasani akiwa bado na mabaki ya jana. Miaka minne ya sekondari ikipita hivyo, cheti cha kidato cha nne hakitamuuliza kama ubongo wake ulipona baadaye.

Uraibu nao hufuata umri. Kati ya watu wote waliowahi kujaribu bangi, makadirio yanayotumika sana ya Marekani yanasema karibu asilimia 9 hunasa. Kati ya walioanza wakiwa katika umri wa balehe, ni mmoja katika kila sita. Ndiyo maana, ukinilazimisha nichague ushauri mmoja wa kumpa mzazi mwenye mtoto wa miaka 14, si kumwapiza asiiguse hadi kufa, kiapo ambacho hakuna atakayekisimamia. Ni kuusogeza mbele umri wa kuanza. Kila mwaka unaopita bila kuanza unapunguza hatari ya ugonjwa wa akili, ya uraibu, na ya kuacha shule. Mwambie wazi: ukifika miaka 25 ubongo umekomaa na uamuzi ni wako na sheria, leo hapana, na sababu ni hizi. Kijana huelewa sababu kuliko vitisho.

Ukali umebadilika kuliko wazee wanavyodhani. Bangi iliyokamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa karibu 12, na siku hizi mafuta na lami zinazokamuliwa kutoka kwenye mmea zinavuka 60. Kwetu Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, imekuwa ikionya juu ya skanka, bangi kali inayoingizwa kutoka nchi za kusini mwa Afrika. Anayesema babu yake alivuta cha Arusha miaka arobaini na akalima hadi uzeeni anazungumzia kitu kingine kabisa. Na kwa kuwa biashara ni ya gizani, hakuna lebo: mnunuzi wa kete hajui kama ananunua asilimia 3 au 15, wala hajui kama imehifadhiwa ikaota ukungu au imepuliziwa dawa ya wadudu. Pwani ya Kenya na Tanzania kuna jambo baya zaidi, nalo ni kokteli, msokoto wa bangi ulionyunyiziwa heroini. Wapo walioingia kwenye uteja kwa mlango huo, wakidhani wanavuta majani matupu. Msokoto uliosokotwa na mtu mwingine usipokelewe.

Bangi ya kula inahitaji maelezo ya peke yake, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wenye akili zao hujikuta hospitalini. Inapovutwa, THC hufika ubongoni ndani ya dakika chache, na mvutaji akiona inatosha huacha. Inapoliwa kwenye biskuti au keki, hupitia tumboni na kwenye ini, ambalo huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi. Safari hiyo huchukua kati ya nusu saa na saa mbili, na ulevi wake hudumu saa nane au zaidi. Mlaji anangoja, haoni kitu, anaongeza. Machi 2014, miezi michache baada ya maduka ya bangi kufunguliwa Colorado, Marekani, kijana wa miaka 19 alinunuliwa biskuti moja yenye miligramu 65 za THC, ambazo zilihesabiwa kuwa za watu sita na nusu. Kwa maelekezo ya muuzaji alimega kipande kimoja. Baada ya nusu saa hadi saa moja hakusikia lolote, akamaliza iliyobaki. Katika saa mbili zilizofuata alianza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwa mkali, kisha akajirusha kutoka ghorofa ya nne. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kiliandika kisa hicho ili kuonya. Huyo alikuwa na lebo na muuzaji wa kumwelekeza. Dar es Salaam DCEA imeshakamata biskuti za bangi zisizo na lebo wala maelekezo, na Kenya wazazi wamelalamikia biskuti za aina hiyo kufika shuleni. Mtoto mdogo hajui kutofautisha. Akila, anaweza kusinzia hadi asiamke akiitwa, na pumzi zake kupungua, jambo ambalo kwa mtu mzima ni nadra. Hapo si suala la kumpa maziwa na kungoja. Ni hospitali mara moja.

Kuhusu wingi wa matumizi, mpaka unaoonekana katika karibu kila utafiti ni ule kati ya anayetumia mara mojamoja na anayetumia kila siku au karibu kila siku. Ripoti ya mwaka 2022 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, iliwahesabu Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 kuwa watumiaji wa bangi, na karibu nusu yao walikuwa na dalili za uraibu. Wengi watabisha kwamba bangi haina arosto. Haina arosto ya heroini, ni kweli, lakini tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaitambua arosto yake: siku moja au mbili baada ya kuacha, mtu huwa na hasira za bure, hutokwa na jasho usiku, hali chakula, halali, na akilala huota ndoto kali. Hali hiyo hufika kileleni ndani ya wiki ya kwanza na huisha baada ya wiki mbili au tatu. Hapa kuna mtego ambao huwakamata wengi. Anayesema “bangi ndiyo inayonipa usingizi, nisipovuta silali” mara nyingi anaeleza arosto yenyewe, akiitibu kila jioni kwa kilichoileta. Anayetaka kuacha ajipangie wiki tatu ngumu, azitangaze kwa mtu wa nyumbani, aepuke kijiwe na ile saa aliyozoea kuvuta, apunguze chai na kahawa jioni, na asipime kama ameweza kabla wiki hizo hazijaisha. Hakuna dawa ya kuchukua nafasi ya bangi kama methadoni ilivyo kwa heroini. Kinachosaidia ni ushauri nasaha wa vipindi kadhaa, ambao unapatikana katika kliniki za afya ya akili za hospitali za mikoa na kaunti. Tanzania namba ya bure ya DCEA ni 119. Kenya ya NACADA ni 1192.

Mwili nao una yake. Moshi ni moshi: wavutaji wa kila siku hukohoa na kutoa makohozi kama wavuta sigara, ingawa uhusiano na saratani ya mapafu haujathibitika kwa bangi kama ulivyothibitika kwa tumbaku. Kwetu, hata hivyo, kikohozi kina jina jingine la kuogopwa. Huko Queensland, Australia, madaktari waliwahi kufuatilia mlolongo wa wagonjwa wa kifua kikuu wakakuta walikuwa wakishiriki kiko kimoja cha maji cha kuvutia bangi. Msokoto mmoja unaopita midomo sita katika chumba kilichofungwa madirisha ni mazingira ambayo TB ingeyachagua yenyewe. Kwa mwenye shinikizo la damu au aliyepita miaka 50, mapigo ya moyo yanayopanda baada ya kuvuta si mchezo. Saa ya kwanza baada ya kuvuta imeonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya shambulio la moyo. Na kuna ugonjwa ambao waganga wengi huukosa: mtumiaji wa miaka mingi anayetapika mfululizo, anapimwa malaria, anatibiwa vidonda vya tumbo, haponi, na kitu pekee kinachomtuliza ni kuoga maji ya moto, pengine mara nyingi kwa siku. Madaktari wa Australia Kusini walioueleza mwaka 2004 waliubaini kwa hayo maji ya moto. Tiba yake ni kuacha bangi, na hakuna nyingine inayodumu.

Kwa madereva nina maneno machache. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kuendesha muda mfupi baada ya kutumia bangi kunakaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kugongana. Bodaboda anayevuta “ili apate mzuka” wa kukesha anajiona makini zaidi wakati mkono wake umechelewa kushika breki. Akichanganya na bia mbili, kila kimoja kinakuza madhara ya mwenzake. Mwenye kuvuta asishike usukani kwa saa sita angalau. Aliyekula biskuti, hadi kesho yake.

Mjamzito aache kabisa, na wala asidanganywe kwamba itamtibu kichefuchefu. THC hupita kwenye kondo la nyuma na kwenye maziwa ya mama, na ushahidi wa watoto kuzaliwa na uzito pungufu ni mzito. Mkunga wa kliniki ana dawa za kichefuchefu zilizopimwa kwa wajawazito.

Sasa hoja ya tiba, ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi na wauzaji. Ni kweli kwamba kuna dawa zinazotokana na bangi. Marekani iliidhinisha THC ya kutengenezwa maabara mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya dawa zao, na Juni 2018 ikaidhinisha Epidiolex, dawa ya maji ya kemikali nyingine ya bangi iitwayo CBD, kwa aina mbili nadra za kifafa cha watoto. CBD haileweshi. Akademia za kitaifa za Marekani zilipopitia ushahidi wote mwaka 2017 zilikubali pia msaada kwa maumivu sugu ya watu wazima na kukakamaa kwa misuli kwa wenye ugonjwa fulani wa neva. Orodha inaishia karibu na hapo. Haimo saratani yenyewe, hakimo kisukari, wala UKIMWI. Dawa hizo hupimwa kwa miligramu, na daktari huangalia zinavyogongana na nyingine, kwani CBD hubadilisha kiwango cha baadhi ya dawa za kifafa na za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa anayeacha miadi yake katika hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa sababu ameuziwa mafuta ya bangi kwenye chupa isiyo na jina anapoteza miezi ambayo uvimbe haumngojei.

Nchi zilizohalalisha nazo zinatajwa bila maelezo. Kanada iliruhusu Oktoba 2018, lakini mnunuzi lazima awe na miaka 18 hadi 21 kutegemea jimbo, na pakiti ya chakula chenye bangi haizidi miligramu 10 za THC. Ile biskuti ya Colorado ingekuwa kosa kule. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliitoa bangi kwenye jedwali la dawa hatari zaidi, ila ikaiacha kwenye jedwali la zinazodhibitiwa. Kuhalalisha ni uamuzi kuhusu polisi na magereza. Unaweza kuukubali au kuukataa bila kubadilisha herufi moja ya yaliyosemwa hapa juu kuhusu ubongo wa kijana. Na wanaosema pombe ni mbaya zaidi wana haki kwa sehemu kubwa, kwani Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 2.6 vinavyotokana na pombe kwa mwaka. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama watu wangeacha pombe ili wavute. Wengi hutumia vyote viwili.

Tanzania na Kenya kisheria bangi ni kosa, na kifungo ni dhara la kiafya kama mengine. Hata hivyo wapo watakaoendelea, na kuwanyima maarifa hakuwafanyi waache. Watafiti wa Kanada wakiongozwa na Benedikt Fischer wameandika mwongozo kwa ajili ya watu hao, na unaendana na yaliyotangulia: chelewa kuanza, chagua isiyo kali, usitumie kila siku, usivute pafu refu na kubana pumzi kifuani, maana kubana hakuongezi stimu bali huongeza lami. Usichanganye na tumbaku, pombe wala vidonge. Ukila, kula kidogo na usiongeze kabla ya saa mbili au tatu kupita.

Yakitokea ya kutokea, aliyezidisha akiwa mtu mzima anayejibu akiitwa, mpeleke mahali patulivu penye taa hafifu, mpe maji, mkumbushe kwamba hali hiyo itapita ndani ya saa chache, na usimwache peke yake karibu na barabara, kisima au roshani. Maumivu ya kifua, degedege, kupoteza fahamu au kutaka kujidhuru ni hospitali. Kama siku tatu zimepita na bado anasikia sauti au anaamini anawindwa, usingoje “imtoke”. Hapa ndipo familia zetu hukosea kwa namna ya pekee: kijana akianza kuongea peke yake, nusu ya ukoo husema amelogwa na nusu husema ni mabangi, na pande zote mbili hazimpeleki hospitali ya akili, iwe Mirembe, Mathari au Butabika, hadi amevunja vitu. Malaria iliyopanda kichwani, kaswende ya muda mrefu, VVU na homa ya uti wa mgongo vyote vinaweza kumchanganya mtu akili, na hata wazimu ulioanza na bangi huhitaji dawa, si viboko na kamba. Miezi ya mwanzo ndiyo ambayo tiba hufanya kazi vizuri zaidi. Mnapofika, mwambieni daktari ukweli wote: alitumia nini, lini, kwa kula au kuvuta, na nani mwingine katika ukoo amewahi kuugua. Kama kuna kipande cha biskuti au karatasi iliyobaki, kibebeni.